Kushindwa na kusema: Uzito wa maneno ya mgombea aliyekosa kiti cha Bunge

MSHINDI wa uchaguzi wa ubunge hahitaji ufasaha mwingi. Akisema "ahsanteni" mara tatu, umati humkamilishia hotuba kwa vigelegele na ngoma. Anayehitaji kuyapima maneno yake kama sonara apimavyo dhahabu ni yule aliyeshindwa. Saa chache baada ya matokeo kutangazwa, yeye hulazimika kusimama mbele ya watu waliompigania kwa miezi mingi na kuwaambia kwamba jasho lile lote halikuzaa kiti.

Wanaomngoja nje ya boma lake au katika makao yake ya kampeni si watu wa namna moja. Wapo mawakala waliokesha vituoni bila kuonja usingizi. Wapo vijana wa bodaboda waliopeperusha bendera zake, akina mama wa sokoni waliomchangia vijisenti vyao, na wazee waliompa baraka, ambao sasa wanahisi kwamba fedheha ni yao pia.

Wote hao huja na maswali manne, hata kama hawayatamki. Je, umekubali kushindwa? Utakwenda mahakamani? Sisi tufanye nini usiku huu? Na wewe mwenyewe waelekea wapi baada ya hapa? Hotuba ya mshinde, iwe ndefu au fupi, hupimwa kwa jinsi inavyoyajibu maswali hayo.

Swali la kwanza ndilo linalozua utata mwingi zaidi, kwa sababu wengi hudhani kwamba kukubali matokeo ni hatua ya kisheria. Sivyo. Katika sheria za Kenya hakuna kifungu kinachomshurutisha mgombea kukiri kwamba ameshindwa. Anayetangaza matokeo ya kiti cha ubunge ni afisa msimamizi wa uchaguzi katika eneo bunge, na mshindi hupewa cheti papo hapo. Mshinde akipongeza, hamwongezei mwenzake hata kura moja. Akinuna, hampunguzii.

Kwa nini basi neno hilo lina thamani? Kwa sababu matokeo yana uhalali wa aina mbili. Upo uhalali wa fomu na mihuri, ambao hutoka kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC. Na upo uhalali wa mioyo ya watu, ambao tume haiwezi kuugawa. Wafuasi wa aliyeshindwa hawaiamini tume kama wanavyomwamini mtu wao. Akisema kura zilihesabiwa sawasawa, wengi wao watatulia. Akisema ameibiwa, hakuna taarifa ya tume itakayowashawishi vinginevyo.

Waingereza waligundua siri hiyo zamani. Katika nchi yao wagombea wote wa eneo husimama pamoja jukwaani matokeo yanaposomwa, na ni desturi kwa aliyeshindwa kupewa nafasi ya kusema maneno machache. Ndivyo ilivyokuwa Mei 1997, Michael Portillo, aliyekuwa waziri wa ulinzi, alipobwagwa na Stephen Twigg wa chama cha Labour katika eneo la Enfield Southgate. Portillo aliipokea aibu hiyo mbele ya kamera kwa utulivu uliosifiwa hata na wapinzani wake, na mwaka 1999 alirejea Bungeni kupitia uchaguzi mdogo katika eneo jingine.

Desturi hiyo haifuatwi na kila mtu hata huko. Julai 2024, Liz Truss, aliyekuwa Waziri Mkuu kwa siku 49 mwaka 2022, alipoteza kiti chake cha South West Norfolk kwa kura 630 na kuondoka jukwaani bila kuhutubu. Kimya hicho kilizungumziwa sana, labda kuliko hotuba yoyote ambayo angeitoa.

Nchini Kenya, aghalabu mshinde huwa ameondoka katika ukumbi wa kujumlishia kura kabla ya tangazo la mwisho, na mshindi hupokea cheti chake akiwa amezungukwa na watu wake peke yao. Hivyo basi, hotuba ya kushindwa hutolewa mbali na mshindi, mbele ya wafuasi walio na hasira, na mara nyingi bila maandalizi. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Hata hivyo, nchi hii inao mfano mwema. Katika uchaguzi wa Desemba 2002, Uhuru Kenyatta alikubali hadharani kwamba ameshindwa na Mwai Kibaki katika kinyang'anyiro cha urais. Alikuwa amekishinda kiti cha ubunge cha Gatundu Kusini katika uchaguzi huo huo, akaenda Bungeni kuongoza upinzani. Chama cha KANU, kilichotawala tangu uhuru, kiliachia madaraka bila damu kumwagika.

Swali la pili ni la mahakama. Hapa mshinde hutakiwa kuwa mkweli kwa wafuasi wake kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa neno "tutakwenda kortini" ni jepesi kulitamka na zito kulitekeleza.

Katiba ya 2010 inasema katika Kifungu cha 87 kwamba kesi ya kupinga matokeo, isipokuwa ya urais, lazima iwasilishwe katika muda wa siku 28 tangu tume itangaze matokeo. Kifungu cha 105 kinaipa Mahakama Kuu mamlaka ya kuamua iwapo mtu alichaguliwa kihalali kuwa mbunge, na kinaitaka iamue katika muda wa miezi sita tangu kesi kuwasilishwa.

Aidha, Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inamtaka mlalamishi aweke dhamana ya gharama katika muda wa siku 10 baada ya kuwasilisha kesi. Kwa kiti cha ubunge au cha ugavana dhamana hiyo ni Sh500,000, ilhali kwa kiti cha udiwani ni Sh100,000. Asiyelipa, kesi yake hutupwa bila kusikizwa. Na anayeshindwa huweza kuamriwa kulipa gharama za upande wa pili, ambazo hufikia mamilioni ya shilingi.

Fedha zikipatikana, hubaki ushahidi. Watu wengi hudhani kwamba inatosha kuonyesha kuwa makosa yalitendeka. Mahakama huuliza zaidi: je, makosa hayo yaliathiri matokeo, au yalikiuka misingi ya uchaguzi huru na wa haki iliyowekwa na Katiba? Fomu iliyosahauliwa kutiwa sahihi katika kituo kimoja haitoshi kuangusha ushindi wa kura elfu kumi. Tofauti ikiwa kura mia moja, mambo huwa mengine.

Ushahidi huo hauokotwi baada ya hotuba. Hukusanywa usiku wa kuhesabu kura. Matokeo ya kila kituo huandikwa katika Fomu 35A, na yale ya eneo bunge zima hujumlishwa katika Fomu 35B. Wakala aliyepo kituoni anaweza kudai kura zihesabiwe upya papo hapo, lakini si zaidi ya mara mbili. Kwa kuwa sheria imeweka kikomo cha wapiga kura 700 kwa kila kituo, eneo lenye wapiga kura 70,000 huwa na vituo visivyopungua 100. Mgombea aliyeshindwa kuweka mawakala waaminifu katika vituo hivyo vyote huingia kortini akiwa mikono mitupu, hata kama ana haki.

Historia ya kesi hizi inafundisha kwamba kushinda kortini si sawa na kukipata kiti. Mfano bora ni wa Septemba 20, 2010, siku ambayo wapiga kura wa maeneo bunge matatu walirudi vituoni baada ya ushindi wa 2007 kubatilishwa na mahakama.

Huko Juja, William Kabogo, aliyekuwa ameshindwa na George Thuo, alikinyakua kiti hicho. Aliyelalamika alipata alichokililia. Huko Starehe, Maina Kamanda alikuwa amefaulu kuubatilisha ushindi wa Askofu Margaret Wanjiru, lakini wapiga kura walimrudisha Wanjiru Bungeni. Na huko Makadara yalitokea ya kustaajabisha zaidi. Reuben Ndolo alifaulu kumng'oa Dickson Wathika kwa amri ya mahakama, kisha wote wawili wakabwagwa na mgeni wa siasa, Gideon Mbuvi, ambaye Wakenya wanamjua zaidi kwa jina la Mike Sonko. Ndolo alitikisa mti, na embe likaokotwa na mpita njia.

Siku moja, kesi tatu, matokeo matatu tofauti. Na yote hayo yalikuja baada ya kungoja kwa karibu miaka mitatu, zaidi ya nusu ya muhula wa Bunge.

Makataa ya Katiba mpya yaliharakisha mambo, lakini hayakuondoa subira. Baada ya uchaguzi wa Agosti 8, 2017, David Ochieng' alipinga ushindi wa Chris Karan katika eneo la Ugenya, naye Irshad Sumra akapinga ule wa Julius Mawathe katika Embakasi Kusini. Kesi zote mbili zilifika hadi Mahakama ya Juu na ushindi ukabatilishwa. Uchaguzi mdogo ulifanyika Aprili 5, 2019. Ochieng' alikipata kiti cha Ugenya, lakini katika Embakasi Kusini wapiga kura walimchagua Mawathe tena.

Kutoka kura ya kwanza hadi ya pili ilipita karibu miezi 20. Sababu ni ngazi za rufaa. Anayepinga hukumu ya Mahakama Kuu ana siku 30 za kukata rufaa, nayo Mahakama ya Rufaa ina miezi sita ya kuamua, tena kwa masuala ya kisheria pekee. Baadaye kuna Mahakama ya Juu. Kisha, Spika anapotangaza kwamba kiti ki wazi, tume ina siku 90 za kuandaa uchaguzi mdogo.

Kwa hiyo mgombea anayewaambia wafuasi wake kwamba "kiti chetu kitarudi mwezi ujao" anawahadaa, hata kama ana kesi nzuri. Anayewaambia kwamba atawasikiliza mawakala wake, azikague fomu, kisha atoe uamuzi kabla ya siku 28 kwisha, huyo amewaheshimu. Wala hakuna ubaya kumpongeza mshindani kwa kampeni nzuri na wakati huo huo kushikilia haki ya kwenda mahakamani. Mambo hayo mawili hayagombani.

Swali la tatu, lile la "tufanye nini usiku huu", ndilo linalohusu uhai. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 27, 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwafurusha mamia ya maelfu kutoka makwao. Chanzo chake kilikuwa matokeo ya urais, lakini waliochomewa nyumba hawakuchomewa Ikulu. Walichomewa vijijini na mitaani, na majirani waliowajua kwa majina.

Ndiyo maana Bunge lilipitisha Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa mwaka 2008. Chini ya sheria hiyo, anayetoa matamshi ya kuchochea chuki ya kikabila anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh1 milioni, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili. Tena, anayetaka kuitisha mkutano wa hadhara au maandamano hutakiwa kuwaarifu polisi siku tatu kabla, wala si zaidi ya siku 14. Katiba inalinda haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Hailindi mawe.

Lakini uchochezi hauji kila mara ukiwa umevaa sare. Mwanasiasa mjuzi huweza kusema "msipigane" kwa sauti inayomaanisha "piganeni". Husema, "Mimi sitawazuia," au "Mnajua cha kufanya." Maneno hayo hayana neno la chuki hata moja ndani yake, na bado kijana wa miaka 19 aliyelipwa shilingi mia tano kwa siku wakati wa kampeni huyaelewa vyema. Mapambazuko yakifika, mwanasiasa huwa ofisini kwa wakili wake, na kijana huwa seli au hospitalini. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo.

Mshinde anayejali hutoa agizo lililo wazi: rudini nyumbani, fungueni maduka kesho, msimguse jirani aliyempigia mwenzangu kura. Hulisema kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama, ili asiwepo wa kusingizia kwamba hakuelewa. Kisha hukaa na watu wake hadi watawanyike, badala ya kuingia garini na kuwaachia polisi kazi hiyo.

Swali la nne linahusu kesho yake. Wafuasi hutaka kujua iwapo safari imekwisha au imepumzika. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na siasa za Kenya zina ushahidi tele wa methali hiyo.

Mwaka 1997, Uhuru Kenyatta aligombea ubunge wa Gatundu Kusini, eneo la nyumbani kwao, na kuangushwa na Moses Mwihia. Mwana wa rais wa kwanza alishindwa katika uwanja wa nyumbani. Aliingia Bungeni kwa kuteuliwa mwaka 2001, akachaguliwa mwaka 2002, na mwaka 2013 akawa Rais.

Katika uchaguzi huo huo wa 1997, Profesa Wangari Maathai aligombea urais na ubunge, akakosa vyote viwili. Miaka mitano baadaye, wakazi wa Tetu walimpa kiti kwa takriban asilimia 98 ya kura, na mwaka 2004 akatuzwa Nobeli ya Amani. Wapiga kura, hata hivyo, hawana deni la kudumu kwa mtu. Mwaka 2007 Tetu ilimkataa, katika uchaguzi ambao hata Makamu wa Rais Moody Awori alipoteza kiti chake cha Funyula. Profesa Maathai aliendelea na kazi ya miti na misitu hadi alipofariki Septemba 2011. Yeye aliingia siasani akiwa na kazi, na alipotoka kazi ilikuwapo.

Ng'ambo, Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo katika Siaya, alishindwa vibaya Machi 2000 alipojaribu kumng'oa Bobby Rush katika mchujo wa chama cha Democratic wa kiti cha Bunge la Wawakilishi mjini Chicago. Rush alipata zaidi ya mara mbili ya kura zake. Miaka minne baadaye Obama alichaguliwa seneta, na Januari 2009 akaapishwa kuwa Rais wa Marekani.

Mifano hii hupendwa na washindwa wote, na ndiyo sababu inafaa kutumiwa kwa tahadhari. Kwa kila mmoja aliyerejea, wako wengi ambao hawakusikika tena. Waliofaulu kurudi hawakuutumia muhula mzima kulalamikia kura za zamani. Walijifunza kwa nini zilipotea.

Kuna jambo la mwisho ambalo hotuba nyingi za kushindwa hulisahau, nalo ndilo wafuasi wanalolihitaji kuliko yote. Katika mfumo wetu, anayeongoza kwa kura moja hukitwaa kiti kizima. Wagombea wakiwa sita, mshindi anaweza kupata theluthi moja tu ya kura, kumaanisha kwamba wengi wa wapiga kura hawakumtaka. Hao hawafutwi katika daftari la raia. Kikatiba, mbunge huwawakilisha watu wote wa eneo lake, na karo ya msaada kutoka hazina ya ustawi wa maeneo bunge haitakiwi kuuliza mzazi alimpigia nani.

Mfuasi anayerudi nyumbani akiamini kwamba miaka mitano ijayo hana mbunge, hukaa pembeni, hahudhurii vikao, haulizi hesabu za fedha za umma, na hivyo huadhibiwa mara mbili: kwa kura iliyoshindwa na kwa sauti aliyoinyamazisha mwenyewe. Mgombea aliyeshindwa ndiye mtu pekee anayeweza kumwambia asifanye hivyo naye akasikia.

Methali isemayo asiyekubali kushindwa si mshindani hutajwa sana majukwaani, na aghalabu hutajwa na washindi wakiwalenga wenzao. Ina uzito zaidi inapotoka kinywani mwa aliyeshindwa. Na baada ya kuitamka, hufaa awalipe mawakala wake posho aliyowaahidi, aondoe mabango yake barabarani, na awaache watu waende kulala.